Njia Iliyokaribishwa Mezani

1

Siku njia ilipocheua mbele ya wageni, wageni walipiga makofi. Mimi nilisogea pembeni, nikashika shina la mti na kuinama. Nimefanya uuguzi wodi ya upasuaji mpaka nikastaafu. Nimeosha vidonda ambavyo ndugu wa mgonjwa walivikimbia, na sikuwahi kutapika kazini. Lakini ile hewa iliyotoka ardhini, yenye harufu ya pampasi, maganda ya ndizi na kitu kingine kitamutamu ambacho wakati ule sikukijua, ilinishinda.

Mama mmoja aliyevaa kofia ya jua alisema njia imeshiba, huku anapekua mkoba wake kutafuta kitu kingine cha kuitupia.

Msitu wa Lusungwe uko juu ya mji wetu, pale baridi inapoanzia. Si mkubwa. Mtu mwenye magoti mazima anauzunguka kati ya chai ya asubuhi na chakula cha mchana. Katikati yake kuna dimbwi lenye majani marefu, na dimbwi hilo ndilo roho ya msitu wote. Vyura wadogo wa kijani huishi juu ya miti ya mteremkoni mwaka mzima, kisha mvua ya kwanza ikinyesha hushuka kwa pamoja kwenda kutaga majini. Sijasikia kwamba wapo kwingine. Chama chetu cha Watembezi kilianzishwa kwa ajili ya jambo hilo: tutembee, tufurahi, na tuhakikishe vyura wanafika dimbwini bila kukanyagwa na wapenda picha.

Zamani njia ilikuwa mawe, mizizi na takataka. Jumamosi tuliokota, Jumapili watu wa mjini walipanda na chupa zao, Jumatatu tukaanza upya. Nilikuwa nawachukia, nasema kweli. Mtu anapanda mlima mzima kuja kumwangalia mbega, halafu anamwachia mbega chupa ya soda. Kwa hiyo Dakta Fausta Mlelwa wa chuo cha kilimo alipokuja na kiumbe chake, akisema kitakula takataka zote na hapohapo kuwa njia, chama kizima kiliinua mikono.

Tulikiita Mkeka. Ni kiumbe kimoja, ingawa kimeuzunguka msitu wote: kuvu na bakteria waliofumwa pamoja juu ya nyuzi za katani, wakafunikwa kwa ngozi ya nta isiyopitisha maji. Rangi yake ni ya ganda la kiazi. Kila hatua chache kuna kinywa, kidogo kama tundu la kifungo, na kinywa hicho hufunguka na kupanuka kikihisi kitu cha kula. Chupa ikiwekwa juu yake, inalainika, inazama, inakwisha. Ndani hugeuka uji mweusi unaosafiri mwili mzima, na mabaki yake hutiririka kwenye mizizi ya miti. Mkeka una joto. Unapumua. Na ukiukanyaga, unainuka kidogo kukusukuma mbele, maana uzito wa watu ndio unaousaidia kusukuma uji.

Huko kuinuka ndiko kulikomrudishia mume wangu msitu. Ambokile, mwalimu mkuu mstaafu na mwenyekiti wa chama chetu, alipata kiharusi miaka kadhaa iliyopita. Mguu wake wa kushoto unaburuta. Kwenye mawe ya zamani asingevuka hata geti. Kwenye Mkeka, kila alipoweka ule mguu, njia iliupokea na kuuinua. Mara ya kwanza alipomaliza mzunguko alikaa chini akalia, nami nikalia pembeni yake, na sioni haya kulisema.

Sheria ilikuwa moja: Mkeka usipewe kitu chenye damu. Dakta Fausta alieleza kwa utaratibu. Kiumbe cha namna hii hutengeneza maji ya kumeng'enyea kile kinachopewa. Kikipewa plastiki, kinatengeneza maji ya plastiki. Kikipewa nyama, kitajifunza nyama, na kikishajifunza hakisahau, kwa sababu kila kipande cha mwili kinamfundisha jirani yake. Tuliitikia vizuri sana, tukaenda kula.

Hapo ndipo tulipokosea, na tulikosea kwa adabu. Kila Jumamosi baada ya matembezi chama chetu hukaa chini njiani na kufungua vyombo: ndizi, maharage, kitimoto. Sasa kaa wewe juu ya kitu chenye joto, kinachopumua, kinachojiinua ukifunua sufuria. Utakula mbele yake umenyamaza? Kwetu mtu akikukuta unakula, hata awe adui yako, hata chakula kiwe kidogo, unamwambia karibu. Asiyesema karibu hakulelewa. Ambokile alivumilia Jumamosi ya kwanza. Ya pili akaona aibu. Aliweka mfupa wa kitimoto pembeni ya goti lake, akasema, "Karibu, mwenzetu."

Tulicheka sana. Kinywa kikafunguka, mfupa ukaingia. Jumamosi iliyofuata kila mtu alikuwa na mfupa wake.

2

Wageni walisikia, wakaja kwa wingi. Zamani walitupa taka kwa uvivu, sasa walizibeba kutoka nyumbani. Watu walipanda Lusungwe na mifuko ya jikoni, na pampasi za juzi, na mito iliyokojolewa, wakamwaga vyote njiani na kukaa kutazama vikizama. Hakuna aliyetazama juu. Mbega walipita matawini na watoto wao weupe migongoni, na watu wameinama wanaangalia godoro linavyoyeyuka.

Siku moja walikuja watu wa harusi kupiga picha. Bwana harusi alikuwa na kifaranga mfukoni. Nilidhani ni mambo ya kwao. Alikishika mbele ya kamera, akasema karibu kwa sauti ya kumwigiza mume wangu, akakiacha. Sitaeleza nilichokiona. Bibi harusi alicheka mpaka akashika tumbo, na vazi lake jeupe lilikuwa limegusa ule uji pembeni, lina madoa hadi magotini. Niliwafukuza wote. Niliwaambia maneno ambayo muuguzi mzee hapaswi kuyajua, na bado mdomo wangu ulikuwa na ladha mbaya hadi jioni.

Baada ya hapo nikaanza kutazama chini vizuri zaidi. Niliokota mkia wa kinyonga, mkia tu. Niliona maganda ya konokono yamepangana ukingoni, safi, yamelambwa ndani. Siafu hawakuvuka tena. Walifika kwenye Mkeka, wakarudi, wakajikusanya. Na ile harufu tamutamu nikaitambua hatimaye, kwa kuwa nimeinusa maisha yangu yote ya kazi. Ilikuwa nyama inayooza kwenye joto la mwili.

Nilimpigia simu Dakta Fausta. Alikuja siku hiyohiyo, akachoma sindano kwenye ngozi ya Mkeka, akavuta uji, akautia kwenye kifaa chake. Aliyasoma majibu mara mbili. Kisha akauliza ni nani aliyeufundisha nyama. Nilimweleza habari ya karibu. Alikaa chini palepale akacheka kicheko kibaya, kicheko cha mtu aliyeambiwa nyumba yake imeungua kwa sababu ya mshumaa wa sala.

"Mama, nilifikiria wezi," alisema. "Nilifikiria walevi, wachawi, watoto watundu. Heshima sikuifikiria."

Tulitembea pamoja hadi kwenye mteremko. Juu yetu vyura walikuwa wakiita, kila mmoja na mlio wake mfupi wa kugonga kijiko kwenye kikombe. Ulikuwa mwisho wa Oktoba na mawingu yalikuwa yameanza kujipanga. Mkeka umeingia hadi ndani ya msitu ukalizunguka na dimbwi lote, hakuna mahali pa kupita. Mvua ya kwanza ikinyesha, vyura wote wa Lusungwe watashuka na kupita juu yake.

Tulijaribu kila kitu. Tulitandika mabanzi juu ya njia yawe daraja, Mkeka ukayala mabanzi. Tuliukata kipande, kufika asubuhi umejishona. Tuliunyima chakula chote kwa majuma mawili, ukaanza kutambaa nje ya mipaka yake, polepole, ukielekea miti waliko vyura. Hilo la mwisho ndilo lililomtisha Dakta. Aliniambia kwamba liko jambo moja tu. Chokaa ikiingia ndani ya uji, itasambaa mwili mzima na Mkeka utakufa wote kwa saa moja, nayo itabaki humohumo ndani ya ganda, haitafika dimbwini. Ila juu ya ngozi chokaa haifanyi kitu. Lazima vinywa viwe wazi, tena vyote kwa pamoja, la sivyo Mkeka utafunga sehemu iliyoumia na kuiacha ife peke yake.

Nikauliza vinafunguka vyote wakati gani.

Alinionyesha mchoro kwenye kifaa chake, mistari ya Jumamosi zetu, na mlima mmoja mrefu katikati ya kila mchana. Mkeka ulikuwa umejifunza hatua ya mtu mmoja, mguu mmoja unaotua na mmoja unaoburuta, na sauti yake nzito ikisema neno moja. Hapo tu ndipo mwili mzima, kuzunguka msitu wote, ulipofungua vinywa vyake kwa wakati mmoja.

3

Nilimwambia Ambokile nyumbani, baada ya kula. Alinisikiliza kama alivyokuwa akiwasikiliza wazazi wa wanafunzi, kichwa kimeinama, mkono mzima umeushika ule mbovu.

"Mama Tusa," alisema, "tangu nizaliwe sijamkaribisha mtu nikamwekea sumu. Na wewe hukuolewa na mtu wa hivyo."

Nilimwambia yule si mtu. Akasema na yeye anajua si mtu, hajapungukiwa akili, lakini adabu haiulizi kitambulisho. Kiumbe kile hakikuomba kuletwa. Hakikuomba mfupa. Yeye ndiye aliyekiita mwenzetu, akakizoesha, na sasa kwa kuwa kimezoea ndiyo akiite tena akiue? Kosa liwe letu na kifo kiwe chake?

"Na vyura walikosa nini?"

"Vyura sijala nao," alisema.

Niliona hasira inanipanda hadi masikioni. Ninampenda mume wangu, lakini nilichukia jinsi alivyokaa nyuma ya adabu yake, safi, hana doa, wakati mimi ndiye ninayeokota mikia ya vinyonga. Nilimwambia aseme ukweli. Aseme ni mguu.

Aliutazama ule mguu. "Ni mguu pia," alisema. "Njia ikifa, mimi sitauona tena msitu. Hilo nalo unaniomba. Niombe yote mawili kwa majina yake, usiniombe moja ukalificha jingine."

Nililala nimempa mgongo.

Wakati sisi tunagombana, mji ulipata suluhisho lake. Afisa mmoja wa halmashauri, Bwana Gwamaka, kijana mwenye viatu vinavyong'aa, alikuja kwenye mkutano wa chama akasema tunajisumbua bure. Mtu aliyeshiba haibi. Machinjio ya mji yalikuwa na shida ya mahali pa kutupa taka zake, nasi tulikuwa na njia yenye njaa. Lori litapanda kila siku. Mkeka utashibishwa, vyura watapita salama, watalii wataendelea kuja, na mzee wetu Mwasomola ataendelea kutembea. Alipolitaja jina la mume wangu alimtazama kwa upole wa kweli. Wanachama walipiga makofi. Ambokile naye alipiga, mkono mmoja juu ya paja. Nilimtazama usoni nikaona furaha ya mtu aliyefunguliwa kamba.

La kwangu nililisema baadaye, wakati hakuna aliyenisikiliza. Nilisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Bwana Gwamaka aliniitikia, "Kweli kabisa, mama," akaendelea kufunga mkoba wake.

Lori lilikuja. Sijui niseme nini kuhusu lori lile. Lilirudi nyuma hadi kwenye geti tulilolipaka rangi kwa mikono yetu, chini ya kibao kinachosema usichume ua, usiache kitu ila nyayo, likainua mgongo. Matumbo yalimwagika na mavi yake ndani. Vichwa vya mbuzi, kwato, damu iliyoganda kwenye mapipa, mifuko ya ndama ambao hawakuzaliwa. Mkeka ulifungua vinywa, ukavimba, na uvimbe ule ulitembea ndani ya msitu ukizunguka polepole chini ya ngozi, ungedhani mnyama amemezwa mzima. Jasho la mafuta lilitoka juu yake. Inzi walikuja wengi kiasi kwamba ndege wa Lusungwe, ambao tumewahesabu na kuwalinda na kuwapa majina, waliacha kuimba wakawa wanakula tu, midomo wazi, wamenenepa, hawaruki mbali.

Na watu walikuja kuangalia. Waliziba pua na kuangalia. Mmoja alifungua meza ya kuuza bisi karibu na geti, na bisi zikanunuliwa. Nilimwona mwalimu wa shule ya Jumapili anakula bisi kwa mkono mmoja na mkono mwingine umeziba pua, na macho yake hayatoki kwenye lori. Niliuonea kinyaa mji wangu. Niliionea kinyaa mikono yangu kwa kuwa ilifanana na yao.

Lakini nilijiambia labda Bwana Gwamaka anasema kweli. Kama vyura watapita, basi na tunuke. Nilipeleka viroba viwili vya chokaa kwenye kibanda cha zana karibu na mteremko, kwa ajili ya akiba tu, na nikamwambia Ambokile kwamba nimevipeleka. Alisema ndaga, kwa sauti ile anayoshukuru nayo mtu anayempa dawa chungu.

4

Mvua ilikuja alasiri. Tuliisikia kwenye bati, tukatazamana, tukavaa makoti. Dakta Fausta alikuwa safarini na simu yake haikupokelewa. Tulipanda wawili tu.

Ndani ya msitu mwanga ulikuwa wa kijivu na ukungu umeshuka hadi kwenye majani. Mkeka ulikuwa umeshiba kweli. Lori lilikuwa limepita asubuhi, na njia yote ilikuwa imevimba, imenyooka, ngozi inang'aa. Mahali pengine ilikuwa inatapika. Uji mzito ulitoka kwenye vinywa na kutuama ukingoni, na mvua ikaupiga, na harufu ikapanda mpaka macho yangu yakatoa machozi. Ambokile alitembea juu yake na fimbo yake. Aliteleza mara kwa mara, nayo njia, hata katika hali ile, iliendelea kuupokea mguu wake na kuuinua.

Tulisimama kwenye mteremko. Milio ya vikombe ikanyamaza, na vyura wakaanza kushuka. Wametoka kwenye mashina, kwenye majani, kwenye nyufa, wadogo, kijani kibichi, tumbo la njano, wanaruka hatua fupifupi kwenye majani yaliyolowa. Nimewaona kila mwaka na kila mwaka moyo wangu unaruka nao. Mume wangu alivua kofia. Huwa anavua kofia.

Wa kwanza akafika ukingoni, akaruka juu ya Mkeka. Hakuna kilichotokea. Akaruka tena. Ambokile alinishika mkono akaukaza, akaniambia nione, ameshiba, hamtaki. Alikuwa anatabasamu.

Kinywa kikafunguka, chura akaingia.

Halafu Mkeka ukatapika. Ulimtapika yule chura pamoja na uji, amekufa, amelainika, na hapohapo ukamchukua mwingine. Ukamtapika na huyo. Ukachukua wengine wawili. Vinywa vilifunguka na kufumba kwenye mteremko wote, vikila na kutapika, vikila na kutapika, na vyura waliendelea kushuka kwa sababu mvua inanyesha na maji yako upande wa pili na hawajui kitu kingine. Nilitapika na mimi, kwenye viatu vyangu. Nilipoinua kichwa Ambokile alikuwa bado anatazama. Uso wake ulikuwa umebadilika ukawa wa mtu nisiyemfahamu.

"Hana njaa," alisema. "Mama Tusa, huyu hana njaa hata kidogo. Amezoea tu."

Nilijua nikisema neno moja, hata neno zuri, litakuwa langu maisha yote.

Aliniuliza chokaa iko wapi, ingawa alijua. Nilikwenda kibandani nikaviburuta viroba kwenye tope, kimoja kimoja, nikavipasua kwa panga. Nilifunga kitambaa puani nikavaa glavu. Mikono yangu ilikumbuka kazi ya zamani, ilikuwa imetulia kuliko mimi. Nilimwambia asimame pembeni, kwenye majani, asije akaungua. Alikataa. Alisema mtu hamwiti mgeni akiwa amesimama nje ya uzio.

Akatembea kidogo kwenye njia, mguu mmoja ukitua, mmoja ukiburuta. Niliona ngozi ya Mkeka inamfuata, ikijiinua mbele yake kabla hajafika, kwa kuwa ilimjua. Akasimama. Akashusha pumzi. Mvua ilikuwa inamtiririka usoni na sikuweza kupambanua maji na machozi, wala sikutaka.

"Karibu," alisema. "Karibu, mwenzetu."

Alilisema kama anavyolisema siku zote. Hakuliharibu hata kidogo.

Vinywa vikafunguka. Nilivisikia vinafunguka mpaka mbali, upande wa pili wa dimbwi, sauti ya mvuto wa midomo mingi midogo. Nikamwaga. Nilimwaga kiroba cha kwanza, nikausukuma unga kwa koleo ndani ya kila kinywa nilichokifikia, nikamwaga cha pili. Mwanzoni Mkeka uliipokea. Ulimeza chokaa kwa utiifu, kinywa baada ya kinywa, ukangoja zaidi. Kisha joto likaanza. Mvuke ukatoka, ngozi ikawa nyeupe, ikakakamaa, ikapasuka nyufa kavu, na mwili mzima ukatetemeka toka mteremkoni hadi getini. Haukulia. Hauna cha kulilia. Mahali alipokuwa amesimama Ambokile njia ilijiinua kwa mara ya mwisho, ikaunyanyua mguu wake wa kushoto, ikauweka chini mbele kidogo. Baada ya hapo ikawa ganda.

Tulingoja. Vinywa vilikuwa wazi na havikufumba tena. Chura mmoja aliruka juu ya ganda, akakaa, akaruka, akashukia upande wa pili kwenye majani. Wakaja wengine. Walipita katikati ya miguu yetu, juu ya mizoga ya wenzao, wakaingia dimbwini mmoja mmoja, na baada ya muda majini kukaanza kusikika ile milio ya vijiko.

Nilitaka kufurahi na nilifurahi. Nasema hivyo kwa kuwa ni kweli. Lakini furaha yenyewe ilinuka.

Ambokile alijaribu kupiga hatua akaanguka. Ganda halikuwa na la kumsaidia. Nilimkalisha mgongoni kwangu kama nilivyokuwa nikiwabeba wagonjwa, mikono yake shingoni, na nikashuka naye kwa njia ya zamani, ya mawe na mizizi, nikitazama kila mahali pa kukanyaga. Alikuwa mzito na koti lake lilikuwa limejaa maji. Kwenye geti lori lilikuwa tayari limeacha mapipa ya kesho, nami nikayapita bila kuyaangalia.

Nyumbani nilimvua nguo, nikamwosha, nikajiosha mimi mara mbili na harufu haikutoka. Nikawasha jiko. Nilipasha ndizi na maharage, nikamwekea kwenye sahani yake, nikaisogeza mbele yake mezani. Nilifungua mdomo kusema lile neno ambalo nimemwambia kila siku tangu tuoane.

"Leo usinikaribishe," alisema.

Nikakaa upande wangu wa meza. Tukala hivyo, kila mtu na chakula chake.